Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya udaktari kuhusu video, maandishi na mikono

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo vinavyofundisha udaktari nchini, Wakuu wa Skuli za Tiba, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi tunaofundisha wanafunzi wa udaktari darasani na wodini, na tunaoandaa masomo yao ya mtandaoni. Tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huo, mipango mingi ya vyuo ina kifungu cha masomo ya kidijitali. Ukikisoma kifungu hicho kwa makini, mara nyingi utakuta kinachotakiwa ni kimoja tu: kamera isimamishwe nyuma ya ukumbi, mhadhara wa dakika 50 urekodiwe, upandishwe kwenye Moodle, jukwaa la chuo la masomo ya mtandaoni, kisha saa zilizorekodiwa zihesabiwe kuwa mafanikio. Upande wa pili wapo wenzetu wanaosema mwanafunzi wa tiba asome kitabu, basi, video ni za kupotezea muda. Ubishi huu umeanzia mahali pabaya. Kila upande umeshachagua chombo kabla hata ya kuuliza mwanafunzi anatakiwa aweze kufanya nini somo likiisha.

Ombi letu tunaliweka mwanzoni ili msilitafute: acheni kurekodi mihadhara mizima. Fedha na muda huo vielekezwe kwenye video fupi za mambo yanayotembea na yanayosikika, kwenye maandishi yaliyotungwa vizuri kwa mambo ya kutafutwa haraka na yanayobadilika mara kwa mara, na kwenye saa za mazoezi ya mikono. Mengine yote katika barua hii ni sababu na namna ya kutekeleza.

Tuanze na bando, maana ndiko mipango mingi inakofia. Video inayotiririka kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 7.5 kila dakika. Mhadhara wa dakika 50 ni megabaiti 375. Kozi ya mihadhara 40 ni gigabaiti 15, na mwanafunzi wa mwaka wa pili hana kozi moja. Noti za kozi hiyohiyo zikichapwa kwenye kompyuta, michoro ikiwemo, ni vigumu kuzidi megabaiti 20. Anayeishi kwa bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa masomo, hatanunua gigabaiti 15 za kozi moja. Kinachotokea kinajulikana: mmoja anapakua, anairusha kwenye kundi la WhatsApp, programu inaibana picha mpaka maandishi ya kwenye slaidi hayasomeki, na darasa zima linabaki na sauti ya mhadhiri akisema "kama mnavyoona hapa" huku hapaonekani kitu.

Hata bando likiwa bure, mhadhara mzima hautazamwi. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta watazamaji wa kawaida hawavuki dakika 6 hivi, video iwe ndefu kiasi gani. Wale hawakuwa wanafunzi wa tiba, na anayekabiliwa na mtihani atajikaza zaidi. Lakini atajikaza kwa kuharakisha na kurukaruka, akitafuta dakika ambayo mwalimu alisema "hili litakuja". Mhadhara uliotolewa mbele ya watu 200, wenye kusubiri projekta iwake na kuitana majina, haukutengenezwa kwa ajili ya kutazamwa peke yako kwenye skrini ya inchi sita.

Sasa tuseme video inaweza nini, maana tukiishia hapo tutaonekana wapinzani wake, nasi si wapinzani.

Kuna mambo ambayo hakuna aya itakayoyafundisha. Mtoto mwenye nimonia ambaye kifua kinabonyea ndani kila avutapo pumzi: kitabu kitaeleza kwamba sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani wakati hewa inaingia, na mwanafunzi ataikariri sentensi hiyo neno kwa neno, kisha atasimama mbele ya mtoto wa namna hiyo asiione. Degedege la upande mmoja, mtetemeko wa mikono ukiwa umepumzika, mwendo wa mgonjwa aliyepooza upande, macho yanayochezacheza, jinsi kifua cha mtoto mchanga kinavyonyanyuka pale barakoa ya ambu, mfuko wa kumpumulishia mgonjwa, inapokaa sawasawa na kisivyonyanyuka inapovuja pembeni ya kidevu. Haya yanahitaji kuonekana, tena zaidi ya mara moja, na kutoka kwa watu wanaofanana na wagonjwa wetu. Video nyingi za nje zinaonyesha manjano, vipele na kubadilika rangi kwa ngozi nyeupe. Kwetu daktari anatafuta weupe kwenye viganja na ndani ya kope, bluu kwenye ulimi, manjano kwenye weupe wa jicho, tena chini ya taa ya wodi ambayo nayo inaweza kuwa ya manjano. Hizo video hazitatoka ng'ambo. Tutazitengeneza sisi au hazitakuwepo.

Hali ni hiyohiyo kwa kuchukua historia ya mgonjwa. Masomo ni ya Kiingereza, lakini mgonjwa anaeleza kwa Kiswahili, na kwa adabu za Kiswahili. Video ya kigeni inaanza na daktari kijana akitaja jina lake la kwanza na kunyoosha mkono. Fanya hivyo kwa bibi wa miaka sabini bila shikamoo, uone kama atakueleza habari za kutokwa damu ukeni. Video ya dakika sita ya daktari kijana akimhoji mama mtu mzima, anavyoanza mbali, anavyomwomba msindikizaji atoke kidogo bila kumvunjia heshima, anavyouliza kuhusu mwenza, inafundisha jambo ambalo kwa sasa mwanafunzi hulipata kwa kubahatisha tu kwenye raundi.

Lakini video ina mitego ambayo asiyeijua hawezi kuiona. Tutaje miwili.

Mtego wa kwanza ni kasi. Wanafunzi wengi hutazama kwa mara 1.5 au mara 2, na kwa maelezo ya kawaida hilo halina madhara makubwa: utafiti wa Dillon Murphy na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), uliotoka 2021, haukuona kupungua kwa maana kwa uelewa hadi mara 2. Ila chukueni kipande cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayepumua mara 36 kwa dakika. Huyo hana upumuaji wa haraka. Kwa umri wake kipimo ni 40 na kuendelea. Kikichezeshwa kwa mara 1.5, mwanafunzi ataona pumzi 54, na jicho lake linajifunza kwamba mtoto mzima ni mgonjwa. Kukandamiza kifua cha mgonjwa ambaye moyo umesimama, kunakotakiwa kuwa mara 100 hadi 120 kwa dakika kunageuka 150 hadi 180, na mkono hufuata kile jicho lilichozoea. Dawa yake ni rahisi: vipande vya kuhesabu vifungiwe kasi, viwe na saa ya sekunde pembeni ya picha, na virekodiwe sekunde 60 kamili bila kukatwa. Mhariri wa video atataka kukata, akidai inachosha. Mwambieni kuhesabu pumzi kwa dakika nzima ndilo somo lenyewe.

Mtego wa pili ni sauti. Sauti ya tatu ya moyo, na mvumo wa vali ya mitrali iliyosinyaa ambao bado tunaukuta kwa vijana wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ni sauti nzito za chini sana, nyingi chini ya hertzi 100. Spika ndogo ya simu sauti hizo haitoi. Mwanafunzi anasikiliza, hasikii kitu, anaamini kwamba kusikia kwake ndiko kubovu au anajifanya amesikia. Tena programu nyingi za mikutano ya mtandaoni zina kichujio cha kelele ambacho huondoa mvumo wa moyo kikidhani ni feni. Kila somo la sauti za moyo na mapafu liandikwe juu kabisa: tumia hedifoni. Kichujio kizimwe wakati wa kurekodi. Na pembeni uwekwe mchoro wa wimbi, ili jicho lilisaidie sikio kujua mvumo unaanzia wapi na kuishia wapi.

Tugeukie maandishi, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndiko kuliko na hatari ya kuua mtu.

Mama ameletwa na kifafa cha mimba. Daktari wa intern, aliye kwenye mafunzo kazini, anahitaji magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hilo, sasa hivi. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa, taratibu, kwa dakika 5 hadi 20, pamoja na gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako. Dawa iliyopo kabatini ni ya asilimia 50, yaani gramu 1 iko ndani ya mililita 2. Kwa hiyo gramu 4 ni mililita 8, zichanganywe na mililita 12 za maji ya sindano, zipatikane mililita 20 za asilimia 20. Ya msuli haichanganywi na maji: mililita 10 kila upande, pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2. Kosa linalotisha ni kuingiza ile ya asilimia 50 moja kwa moja kwenye mshipa bila kuizimua. Dozi za kuendelea ni gramu 5 kila saa 4, tako hili kisha lile, lakini kabla ya kila dozi pumzi ziwe angalau 16 kwa dakika, goti likigongwa liitike, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Gramu 1 ya kalsiamu glukoneti, ya kubatilisha magnesiamu ikizidi, iwe tayari kando.

Maelezo hayo yawekeni kwenye video. Hata ikiwa nzuri namna gani, saa nane usiku mtu ataanza kuisogeza mbele na nyuma akitafuta ile sekunde iliyotaja mililita 12. Yakiwa kwenye ukurasa mmoja wenye jedwali, jicho linatua palepale. Video ya mada hii ina nafasi yake, ila ni ndogo: namna ya kuchora takoni robo ya juu ya nje, na namna goti linavyoitika likiwa salama na linavyonyamaza dawa ikizidi. Dakika mbili zinatosha.

Maandishi yana faida nyingine ambayo hata wanaoyapenda hawaitaji: yanarekebishika. Hadi 2015 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa malaria kali ulikuwa dawa ya atesuneti, miligramu 2.4 kwa kila kilo, kwa mgonjwa wa umri wowote. Mwaka huo watoto wa chini ya kilo 20 walipandishiwa hadi miligramu 3 kwa kilo. Kwa mtoto wa kilo 12 tofauti ni miligramu 28.8 dhidi ya 36 kwa kila dozi. Kwenye ukurasa wa maandishi hilo ni badiliko la mstari mmoja, linafanyika kabla chai haijapoa. Kwenye video ni kumrudisha mwalimu, kurekodi upya, kuhariri, kupandisha, na kuomba Mungu kwamba nakala ya zamani iliyo kwenye simu mia tatu haitazamwi tena. Inatazamwa. Ndiyo maana kanuni yetu sisi ni kali: namba ya dozi haisemwi kwenye video. Video inaonyesha kichupa cha atesuneti cha miligramu 60 kinavyomiminiwa mililita 1 ya sodiamu baikabonati, kinavyotikiswa mpaka maji yawe maangavu kabisa, kisha kinavyoongezwa mililita 5 za maji ya chumvi kwa dawa ya mshipa. Mgonjwa apewe kiasi gani, hilo liko kwenye maandishi, na maandishi yana tarehe.

Lazima tuseme pia kwamba kinachoitwa maandishi kwenye vyuo vyetu kwa sehemu kubwa si maandishi. Ni slaidi 90 zilizogeuzwa PDF. Slaidi ni vikumbusho vya mhadhiri; vimeandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua. Mwanafunzi akiachiwa hizo peke yake anakariri vichwa vya habari bila kujua vinaunganishwa na nini. Aina nyingine ni madesa, yaani noti za kurithishana, yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kutoka kitabu cha zamani: faili la megabaiti 200, halitafutiki neno hata moja, na kwenye simu inabidi ulivute kushoto na kulia kila mstari. Mtu akisoma hivyo wiki mbili kisha akasema anapendelea video, hajalinganisha video na maandishi. Amelinganisha video na adhabu.

Maandishi yanayofaa kwa mwanafunzi wetu ni haya: ukurasa wa mtandao au faili la EPUB linalojipanga upya kufuata upana wa simu, si A4 ya safu mbili, maneno 1,200 hadi 1,500 kwa mada, sentensi fupi, kwa kuwa anasoma kwa lugha ambayo hakuzaliwa nayo, majedwali yasiyozidi safu tatu, picha zenye maelezo chini yake, na mwishoni maswali matano ambayo majibu yake hayaonekani mpaka ubofye. Hayo maswali msiyachukulie kama pambo. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Waliovisoma mara mbili walifanya vizuri zaidi dakika tano baadaye, asilimia 81 dhidi ya 75 za waliosoma mara moja kisha wakajijaribu kukumbuka. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Mwanafunzi anayerudia video mara tatu yuko kwenye kundi hilo la waliorudia kusoma, na hana habari.

Tena hali yake inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu video inampa ujasiri. Michael Kardas na Ed O'Brien walionyesha mwaka 2018 kwamba watu waliotazama mara 20 jinsi ya kuvuta kitambaa cha meza bila kuangusha vyombo waliamini wataweza kuliko waliotazama mara moja. Kwenye jaribio lao la kurusha vishale, waliotazama mara nyingi nao walijiamini zaidi, lakini walipopewa vishale hawakufanya vizuri zaidi. Kwenye kitambaa cha meza hasara ni sahani. Sisi tunazungumzia sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yaliyozinduliwa na madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2010 na kufanyiwa majaribio hapa Tanzania, yalipimwa katika hospitali ya Haydom, Manyara. Kozi ya siku moja iliwafanya watumishi wafanye vizuri zaidi kwenye mdoli, lakini utafiti uliotoka 2013 ulionyesha kwamba chumbani kwa kujifungulia utendaji haukubadilika. Baadaye, hospitali ileile, wakaanzisha mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale wodini, kwa mdoli uliokaa tayari. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vikishuka kwa zaidi ya theluthi moja. Mdoli ni uleule, na ujumbe ni uleule, pumzi ya kwanza ndani ya dakika moja. Kilichobadilika ni kwamba mikono ilirudia, kidogokidogo, karibu na mahali pa kazi. Mpango wowote wa video au maandishi usiotaja mdoli uko wapi, nani ana ufunguo wa kabati lake, na mwanafunzi ataugusa mara ngapi kwa muhula, haujakamilika.

Kuhusu utengenezaji tutakuwa wafupi, ila haya machache yakikosewa kazi yote inaharibika. Andikeni kwanza, rekodini baadaye: mwalimu akiongea kwa utulivu hutoa maneno 130 hivi kwa dakika, kwa hiyo video ya dakika sita ni maneno 780, na maneno hayo ndiyo yatakuwa rasimu ya ukurasa wa maandishi. Kamera isimame begani kwa mtendaji, si mbele yake, la sivyo mkono wa kulia unaonekana kushoto na mwanafunzi anapoteza akili yake kuugeuza kichwani. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, karibu sentimita 20 kutoka mdomoni. Zimeni feni, na subirini jenereta litulie. Picha hafifu mtazamaji ataivumilia, sauti mbovu ataizima. Ukitaka ncha ya sindano ionekane, sogeza kamera. Kuongeza ukubwa wa picha kunaongeza tu faili. Na kwenye skrini msiandike sentensi zilezile zinazosomwa na sauti: Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio ya miaka mingi kwamba kusoma na kusikia maneno yaleyale kwa pamoja kunapunguza kuelewa. Weka neno moja gumu, au mshale. Kwa asiyesikia vizuri, na kwa anayetazama mahali penye kelele, manukuu yawe ya kuwasha na kuzima.

Mgonjwa halisi akirekodiwa, hapo sheria inaingia. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na fomu ya kukubali matibabu haitoshi kuwa ruhusa ya kurekodi. Iwepo fomu ya pekee, kwa Kiswahili, inayosema video itatazamwa na nani, itakaa muda gani, na kwamba kukataa hakumnyimi huduma. Kwa mtoto asaini mzazi au mlezi. Sura isionekane pale isipohitajika, wala kadi ya kitanda, wala sauti ya nesi akiita jina. Taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya faili zifutwe. Mgonjwa akighairi baada ya mwezi, je, mtaweza kuiondoa? Ikiwa imeshapakuliwa, hamtaweza. Kwa hiyo video za wagonjwa zitazamwe kwenye seva ya chuo tu bila kupakuliwa, na za mdoli ziachiwe zipakuliwe na kurushwa watakavyo.

Seva yenyewe si mradi wa mamilioni mengi. Kompyuta moja yenye diski ya terabaiti 1, betri ya kuishikilia umeme ukikatika, Moodle ndani yake, na vituo vitatu au vinne vya Wi-Fi: maktaba, bweni, vimbwetani, na chumba cha intern. Mwanafunzi anaunganishwa humo bila bando na bila intaneti. Video ya dakika 6 kwa kasi ya nusu megabiti ni megabaiti 22.5, vipande 120 ni gigabaiti 2.7, vinaenea kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ambayo mwanafunzi aliyepelekwa hospitali ya wilaya anaweza kuondoka nayo, vile vinavyoruhusiwa kupakuliwa. Linganisheni na zile gigabaiti 15 za kozi moja. Kwa uzoefu wetu kinachokwamisha ni nenosiri la seva kukaa na fundi mmoja ambaye mkataba wake umeisha.

Kuna jambo ambalo TCU na mabaraza ya vyuo pekee ndio wanaoweza kulitatua. Mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho. Kipande cha dakika sita chenye ukurasa wake na maswali yake, kilichopitiwa na wenzake wawili, kinaweza kula wiki nzima ya kazi, lakini kwenye fomu ya kupandishwa cheo kinahesabika kidogo sana au hakihesabiki. Basi mwenye akili ataachia kamera ijirekodi mhadhara na aende zake. Kipeni kipande hicho alama, kwa masharti: kiwe kimepitiwa, kina jina la mmiliki, na kina tarehe ya kuisha. Tunapendekeza miezi 24 kwa stadi za mikono, na 12 kwa chochote kinachogusa dawa. Tarehe ikifika bila kupitiwa upya, kijifiche chenyewe.

Msipotuamini, pimeni wenyewe, lakini pimeni vizuri. Msiwaulize wanafunzi wamependa nini. Wataipenda video, na kupenda si kuweza. Chukueni darasa moja na stadi mbili zenye uzito unaofanana, tuseme kumpumulisha mtoto mchanga kwa ambu na kutoa maji ya uti wa mgongo kwenye mdoli. Nusu ya darasa ijifunze ya kwanza kwa video na ya pili kwa maandishi, nusu nyingine kinyume chake, wote wakipewa dakika zilezile za mazoezi. Mtihani wa vituo, ambapo mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akionyesha stadi, ufanyike baada ya wiki nne, si siku hiyohiyo, na msahihishaji asijue nani alijifunza kwa nini. Orodha ya hatua 20 za kusahihishia iandaliwe kabla. Ongezeni kituo kimoja cha kukokotoa dozi kutoka kwenye kichupa. Tunatarajia maandishi yaizidi video kwenye kituo hicho, na video iyazidi maandishi kwenye mkao wa barakoa, na tuko tayari matokeo yatusute.

Wakati hayo yanajadiliwa kwenye vikao, ipo kazi moja isiyohitaji bajeti. Mwagizeni msimamizi wa Moodle katika kila chuo afungue video zote za matibabu zilizopandishwa bila tarehe, aanze na malaria kali na kifafa cha mimba, azifiche zile zinazotaja dozi mpaka mwalimu wa somo azipitie, na awaletee orodha yake kabla wanafunzi wa mwaka wa tano hawajaingia wodini muhula ujao.

Wenu katika kazi,

Walimu na waandaaji wa masomo ya wanafunzi wa udaktari